Saa za Kutojua

(Mazungumzo ya asubuhi redioni. Somo: Yohana 4:46–54)

Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya safari moja ambayo jamaa nyingi za makanisa yetu zinaijua, ama kwa kuisafiri, ama kwa kusimama uwanjani na kumpungia mkono anayekwenda. Ni safari ya kutoka Nairobi hadi New York, na ya kurudi.

Kutoka uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, pale Embakasi, mpaka uwanja wa John F. Kennedy, ni kama kilomita 11,800 kwa njia iliyo fupi kuliko zote. Anayetaka kuipima kwa kipimo cha nyumbani na aifikirie barabara ya Mombasa. Mtu angekwenda Mombasa na kurudi Nairobi mara kumi na mbili, na bado angebakiwa na njia kidogo. Tangu tarehe 28 Oktoba 2018 ipo ndege ya shirika letu inayokwenda huko bila kutua popote. Kwenda huchukua kama saa 15, na kurudi kama saa 14. Watu huuliza kwa nini kurudi ni kufupi, hali njia ni ile ile. Sababu ni upepo. Huko juu sana, katika nchi za kaskazini, upepo mkali huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki, nayo ndege inayokuja kwetu husukumwa kwa nyuma, hali inayokwenda kule hupigana nao. Marubani huwa wanne, wakipokezana zamu, kwa maana hakuna awezaye kukaa macho na kuongoza kwa muda wote huo.

Nairobi yenyewe inaongeza ugumu wake. Uwanja wetu uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko juu ni nyepesi, haiyabebi mabawa kama hewa ya pwani. Ndege iliyojaa mafuta ya saa 15 huhitaji kukimbia mbali kabla ya kuinuka, na ubaridi wa usiku humsaidia rubani. Ndiyo maana wengi wetu tumesindikiza watu wetu wakati wa usiku, tukarudi nyumbani gizani tukiwa kimya.

Tena kuna fumbo la saa. Tuseme ni mwezi wa Januari, na ndege imeondoka Nairobi saa tano na nusu usiku. Itatua New York saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kwa saa ya huko. Hesabu kwa vidole, utaona ni saa saba tu. Je, zile saa nane nyingine zimekwenda wapi? Hazikwenda popote. Ni kwamba New York iko nyuma yetu kwa saa nane wakati wa baridi yao, na kwa saa saba wakati wa joto lao. Saa ya ukutani itakubali kudanganywa, lakini miguu iliyovimba na macho yasiyolala inajua kwamba zimepita saa kumi na tano.

Wazee wetu wangestaajabu kusikia tukilalamika juu ya saa kumi na tano. Mwaka 1844 Johann Ludwig Krapf alikuja kukaa Mombasa pamoja na mkewe Rosine. Mwezi wa Julai mwaka ule ule Rosine alifariki baada ya kujifungua, na siku chache baadaye mtoto wao mchanga akamfuata. Barua ya kupeleka habari Ulaya ilikuwa ya kwenda kwa vyombo vya baharini, na kwa miezi. Fikiri jambo hilo, msikilizaji. Bila shaka walikuwapo Ulaya watu wacha Mungu waliopiga magoti usiku baada ya usiku kumwombea Rosine nguvu na afya, wakati yeye alikwisha lala kaburini ng'ambo ya Mombasa. Swali hilo tuliweke akiba, tutalirudia.

Mwaka 1931 ndege zilianza kuleta barua kutoka London mpaka Ziwa Viktoria, zikipitia Kisumu, na safari ilikuwa ya siku nyingi, kwa kulala njiani usiku baada ya usiku. Kisha mwezi wa Septemba 1959 vijana 81 waliruka kutoka Nairobi kwenda kusoma Marekani, kwa mpango uliohangaikiwa na Tom Mboya. Walipanda ndege ya kukodiwa, ambayo haikuweza kuvuka njia yote kwa mruko mmoja, wakatua New York kwenye uwanja uliokuwa ukiitwa Idlewild. Uwanja huo ulipewa jina la Kennedy mwezi wa Desemba 1963, baada ya Rais huyo kuuawa. Naye, alipokuwa bado seneta, mfuko wa jamaa yake ulitoa fedha za safari ya kundi lililofuata la mwaka 1960. Mzazi aliyemsindikiza mwanawe mwaka 1959 alijua kwamba huenda hatamwona tena mpaka asome amalize, na kwamba barua ikichelewa hana la kufanya ila kungoja.

Basi, kutoka miezi tumefika siku, na kutoka siku tumefika saa. Twamshukuru Mungu kwa akili alizowapa watu. Lakini liko jambo ambalo ndege haikuliondoa, nalo ndilo tunalotaka kulitazama asubuhi hii. Ni zile saa za kutojua. Mtu amepata habari kwamba mgonjwa wake amezidiwa. Amepanda ndege. Amezima simu. Siku hizi ndege nyingine zina mtandao angani, lakini msafiri mwingi bado hufungiwa mle ndani pamoja na neno la mwisho alilosikia, hana lingine. Nyuma hawezi kurudi, na mbele hajafika. Mgonjwa yu hai au si hai, yeye hajui.

Sasa fungueni Injili ya Yohana, mlango wa nne, kuanzia mstari wa arobaini na sita.

Tunamkuta hapo diwani. Asidhaniwe kuwa diwani wa baraza kama wale tuliokuwa nao Kenya mpaka mwaka 2013. Huyu alikuwa mtumishi wa nyumba ya kifalme, mtu mwenye cheo, na yamkini mfalme wake ni Herode aliyetawala Galilaya. Mwanawe yu mgonjwa Kapernaumu, kando ya ziwa. Yeye amesikia kwamba Yesu yuko Kana, juu milimani. Wataalamu hawajapatana ni kijiji gani hasa kilichokuwa Kana, lakini kwa vyovyote ni mwendo wa kilomita ishirini na tano hivi, au zaidi kidogo. Kapernaumu iko chini sana, mita 200 hivi chini ya usawa wa bahari ile kubwa, kwa hiyo baba huyu amepanda mlima kutwa. Anapomsihi Yesu ashuke pamoja naye, anasema kama msafiri asemavyo, maana ni kushuka kweli kweli.

Tuangalie imani aliyokuja nayo. Aliamini kwamba Yesu aweza kuponya, akiwapo. Aliamini kwamba mkono wa Yesu una nguvu, ukigusa. Hesabu yake ilikuwa ya njia: nimepanda kilomita hizi, tutashuka kilomita hizi, na je, mtoto atangoja? Kwake mauti na Yesu walikuwa wakishindana mbio, na mauti ilikuwa imetangulia. Hatumlaumu. Ndiyo hesabu anayoipiga kila mtu akatae tikiti usiku kwa fedha za mkopo.

Yesu hakushuka naye. Alimwambia aende zake, kwamba mwanawe anaishi. Alipewa neno, basi. Hakupewa ishara, wala mafuta, wala leso ya kwenda kumwekea mtoto kifuani. Naye Yohana anatuambia kwamba mtu yule aliliamini neno lile, akashika njia.

Hapo ndipo Maandiko yanatupa jambo ambalo sisi tunaosema Kiswahili tunalisikia vizuri kuliko mataifa mengi. Watumishi wanakutana naye njiani na habari njema, naye anawauliza ni saa ngapi mtoto alipoanza kupata nafuu. Wanamjibu kwamba ni jana, saa saba. Msomaji wa Kizungu hapo hana budi kushika kalamu na kupiga hesabu. Sisi hatuna haja, maana watu wa nchi ile walihesabu saa toka jua linapochomoza, kama tunavyohesabu sisi. Saa saba ni saa saba, jua limepita utosini kidogo. Wako wanaoihesabu saa ile vingine, lakini sisi twaona kwamba hesabu ya mapambazuko ndiyo inayokaa vizuri zaidi hapo.

Basi tumfuate njiani. Saa saba mchana neno limetoka kinywani mwa Yesu huko Kana, na saa saba hiyo hiyo homa imemwacha mtoto huko Kapernaumu. Neno halikuchukua hata nukta moja kwenda kilomita zote zile. Lakini baba anatembea. Anashuka bonde, anavuka mawe, jua linakuchwa. Watumishi wanasema "jana", na wengi wetu tunaelewa kwamba alilala mahali njiani. Wengine hueleza kwamba kwa Wayahudi siku mpya huanza jua likizama, na kwamba huenda walikutana jioni ile ile. Na iwe hivyo au hivi, palikuwa na muda mrefu ambapo jambo lilikuwa limekwisha tendeka na yeye hajui. Mtoto alikuwa akiomba chakula nyumbani, na baba alikuwa bado anatembea na neno tupu moyoni, bila kitu kingine cha kushika.

Tunamjua dada mmoja aliyepita katika saa za namna hiyo, naye ametupa ruhusa tuseme habari zake bila jina. Anafanya kazi New Jersey, katika nyumba ya kutunzia wazee. Huwaogesha, huwalisha, huwageuza kitandani usiku ili wasipate vidonda. Ni kazi ya heshima, na Wakenya wengi wanaifanya huko. Lakini anajua, kama wajuavyo wenzake wote, kwamba anamwogesha mama wa mtu mwingine hali mama yake mwenyewe, huko Meru, anaogeshwa na mke wa kaka yake.

Siku moja ya mwezi wa Februari mama alianguka jikoni, akapelekwa hospitali. Wifi yake akampigia simu. Dada huyu akaomba ruhusa kazini, akakopa nauli kwa marafiki wa kanisa lake la huko, akaingia ndegeni. Waliondoka New York saa sita na nusu mchana, ambayo kwetu ilikuwa saa mbili na nusu usiku. Alizima simu. Akaanza kuomba. Anasema hakuomba maneno mengi. Alisema tu, Bwana, mwache nimkute. Wakampa chakula, hakula. Watu wakalala, yeye hakulala. Alikuwa akitazama ile ramani ndogo mbele ya kiti, yenye picha ya ndege ikitambaa juu ya bahari kama kinyonga.

Mama alifariki saa tano usiku kwa saa zetu. Binti yake alikuwa juu ya bahari ya Atlantiki, saa mbili na nusu tu toka waondoke. Saa kumi na moja na nusu zilizobaki aliomba kwa ajili ya afya ya mtu aliyekwisha fariki.

Huku Meru jamaa na wazee wa kanisa walikaa usiku huo huo kushauriana. Kijana mmoja alitaka habari iandikwe mara moja katika kundi la WhatsApp la ukoo, ili watu waanze kujipanga. Mzee mmoja akauliza, "Na huyu aliye angani, mnataka aisome wapi? Kwenye foleni ya pasipoti?" Wakanyamaza. Wakakubaliana kwamba pasiandikwe neno mpaka mtoto wa marehemu apokewe. Hapa tunaomba ruhusa tuseme waziwazi. Siku hizi kifo hutangazwa kwenye simu kabla mwili haujapoa, na watu hushindana nani atakuwa wa kwanza kuandika pole. Mke amejua kifo cha mumewe kwa kuona picha yenye mshumaa. Si jambo jema, na makanisa yetu hayajalikemea inavyopasa.

Saa kumi alfajiri akina mama wanne wa kanisa waliingia katika matatu iliyokodiwa, wakashuka mpaka Nairobi. Ndege ilitua saa nne na nusu asubuhi. Dada huyu anasema aliwasha simu akakuta ujumbe mmoja tu: tunakungoja nje. Alipotoka na kuwaona wanne wamesimama pamoja, wamejifunga vitambaa vyao vya kanisa, alielewa kabla hawajafumbua kinywa. Aliye mkubwa kati yao akamshika mikono yote miwili, akamwambia, "Mwanangu, mama amelala." Na neno la kwanza alilouliza dada huyu lilikuwa hili: "Saa ngapi?"

Tuliposikia hivyo tulimkumbuka diwani. Naye aliuliza saa. Kwa nini mtu auulize wakati, hali jambo limekwisha kuwa? Sisi twaona kwamba anataka kujua alikuwa wapi. Anataka kurudi nyuma kwa mawazo, aitafute saa ile, ajione mwenyewe ndani yake: nilikuwa nimekaa hivi, nilikuwa nimefika hapa, nilikuwa nikisema maneno haya. Diwani alihesabu akakuta kwamba saa ile alikuwa amesimama mbele ya Yesu. Dada huyu alihesabu kwa vidole, pale pale mlangoni pa uwanja, akakuta kwamba saa ile alikuwa akiomba.

Halafu akauliza swali la pili, siku kadhaa baada ya mazishi, na hilo hakuwauliza akina mama, alituuliza sisi. "Yale maombi niliyoomba baada ya saa tano, yalikwenda wapi?"

Mpendwa msikilizaji, hatukutaka kumjibu upesi. Ni rahisi kwa mhubiri kusema kwamba mwana wa diwani alipona kwa sababu baba yake aliamini. Lakini dada huyu naye aliamini, na mama yake hakupona. Tukisema kwamba tofauti iko katika imani, tunamwekea mfiwa mzigo ambao Yesu hakumwekea mtu yeyote. Kwa hiyo tulimwomba afungue mlango mwingine wa Injili hiyo hiyo, mlango wa kumi na moja, tukasoma naye habari za Bethania.

Hapo pia kuna mwendo na kuna saa. Yohana ametaja hata umbali: Bethania ilikuwa karibu na Yerusalemu, maili mbili hivi. Lakini Yesu alikuwa mbali, ng'ambo ya Yordani, wakati ndugu wawili wa kike walipompelekea habari kwamba Lazaro ni mgonjwa. Akakaa huko siku mbili zaidi. Alipofika, Lazaro alikuwa na siku nne kaburini. Martha akamwendea njiani, akamwambia lile ambalo kila mfiwa wa mbali hulisema moyoni, kwamba kama angalikuwapo, mambo yasingekuwa hivi. Angalieni kwamba Yesu hakumkaripia. Na Mariamu alipokuja akasema maneno yale yale, Yesu alilia.

Lakini liko jambo dogo katika mlango huo ambalo watu wengi hulipita. Kabla hawajaanza safari, Yesu aliwaambia wanafunzi wake wazi kwamba Lazaro amekufa. Nani alikuwa amemwambia? Mjumbe aliyekuja alileta habari za ugonjwa tu, na hatusomi kwamba mjumbe wa pili alifika. Alijua. Njia ndefu ile, na milima, na mto wa Yordani, havikumficha kitanda cha rafiki yake.

Tulimwambia dada huyu hivi. Wewe hukujua, lakini uliyekuwa ukisema naye alijua. Ulipokuwa ukisema mwache nimkute, hakuwa akisikia jina la mtu asiyemwona. Alikuwa akimwona mama yako wakati ule ule, na wewe pia, mmoja kitandani Meru na mwingine kwenye kiti chako juu ya bahari, na hapakuwa na kilomita kati yenu machoni pake. Nabii Isaya, mlango wa sitini na tano, anaeleza kwamba Mungu haungoji mwito umfikie ndipo aanze kuitika. Maombi yako hayakuchelewa, kwa sababu hayakutumwa kwa anayengoja barua. Kama ilivyokuwa kwa Rosine Krapf na wale waliomwombea miezi mizima baada ya kuzikwa kwake: hawakuwa wakisema na kaburi.

Hakujibu. Alikaa kitambo, kisha akasema, "Lakini nilitaka kumkuta." Nasi tulisema, ndiyo, mwanetu, tunajua. Tukalia naye, na hatukuongeza neno.

Tusipite pia bila kuwataja wale watumishi wa diwani. Hawakukaa Kapernaumu wakingoja bwana wao afike mlangoni. Walipanda mlima kumlaki, ili asiendelee kutembea katika kutojua hata mwendo mfupi kuliko ilivyolazimu. Wao walileta furaha, na akina mama wa Meru walileta msiba, lakini ni kazi moja. Walijua kwamba mtu aliye njiani peke yake na neno moja tu hapaswi kuachwa peke yake.

Na wako walio njiani ambao hawatatokea kamwe kwenye mlango ule wa uwanja. Tuna watu wetu Marekani ambao ruhusa yao ya kukaa ilikwisha miaka mingi iliyopita. Kwa sheria ya huko ya mwaka 1996, mtu aliyekaa bila ruhusa kwa mwaka mmoja au zaidi, kisha akatoka, anaweza kuzuiwa kurudi kwa miaka kumi. Fikirini maana yake. Mtu ana watoto waliozaliwa huko, wako shuleni. Anapigiwa simu kwamba baba yake amefariki Kakamega. Safari ni saa 14. Lakini akiipanda ndege ile, huenda asiwaone watoto wake kwa miaka kumi. Kwa mtu huyo New York haiko saa 14 kutoka nyumbani. Anakaa bafuni, amefunga mlango ili watoto wasimwone, akitazama jeneza la baba yake likishushwa kwenye kioo cha simu, na mtandao ukikatika hajui kama udongo umeanza kutupwa.

Na huku kwetu, penye matanga, twasikia maneno. Amesahau kwao. Amekuwa Mzungu. Hata baba yake hakuja kumzika, ametuma pesa tu. Ndugu zangu, mara nyingi wasemao hivyo ni wale wale waliokula chakula kilichonunuliwa kwa pesa hizo. Hatusemi kwamba hakuna mtoto aliyepotea kweli, wapo. Lakini wewe usiyejua ni kwa nini mwana hakuja, nyamaza kwanza. Tulionja sote kidogo mwaka 2020, ndege za abiria kutoka nje zilipozuiwa kuingia nchini kuanzia mwisho wa mwezi wa Machi mpaka tarehe 1 Agosti. Wenye pasi nzuri na fedha za nauli, hata wao hawakuweza kuja. Wakati ule hatukusema kwamba wamesahau kwao. Tuliwapigia simu. Tuliwaimbia wakisikia. Kanisa moja tunalolijua liliweka kiti kitupu karibu na jeneza, na juu yake simu iliyowashwa, na mchungaji alipotoa baraka aliielekeza ile simu kama mtu mwingine yeyote.

Twawaomba wazee wa makanisa mnaotusikiliza mfanye jambo moja juma hili. Katika kila usharika kuna nyumba ambayo mwana au binti yuko mbali na hajaonekana kwa miaka mingi. Mwendeeni mama wa nyumba hiyo, mwombe pamoja naye, na akikubali, mpigeni simu mtoto mkiwa hapo. Msimhoji habari za karatasi. Msimwulize atakuja lini. Mwambieni tu mmeketi na nani, na ni saa ngapi hapa, na kama mvua imenyesha.

Na sasa tuombe.

Ee Bwana, wewe uliyesema neno Kana na mtoto akainuka Kapernaumu, asubuhi hii kuna watu wetu walio juu ya Sahara na juu ya bahari, simu zao zimezimwa. Unaona wanakokwenda na unajua watakalolikuta. Kaa nao katika saa hizo. Wape jamaa zao subira ya kunyamaza, na miguu ya kwenda kuwalaki. Na yule aliyejifungia chumbani mbali, asiyeweza kuja, uingie kwake mlango ukiwa umefungwa, kama ulivyowaingilia wanafunzi wako. Amina.